Hatushuki Popote

Nilipomwambia mama kwamba nakwenda Uholanzi kutembelea miji yenye mifereji, aliacha kuchambua dagaa akanitazama juu ya miwani.

"Mifereji?"

"Ndiyo mama. Inapita katikati ya mji, watu wanapanda boti wanazungushwa."

"Mitaro ipo hapa Mwanga. Si umeiona masika hii ilivyofurika? Ungeitazama hii ya bure, hiyo nauli tukaezekea jiko."

Nilicheka, lakini usiku kitandani nikaona mama ana hoja. Mtu aliyezaliwa Kigoma, mwisho wa reli, kwenye ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina kinachofika mita 1,470, anapanda ndege kwenda kutazama maji ya kina cha mita tatu. Tena mimi ni mwalimu wa jiografia, hizo namba za Tanganyika nazifundisha kila mwaka. Mwanafunzi angeniuliza swali hilo darasani ningemwambia tutaliangalia kipindi kijacho.

Sababu ya wazi ilikuwa mdogo wangu wa kiume, anayesoma shahada ya uzamili Utrecht na ambaye alikuwa na godoro la ziada. Sababu ya pili aliileta baba. Alisubiri mama aingie ndani, akasogeza kigoda.

"Hiyo Uholanzi na Papenburg ni mbali?"

Nyumbani kwetu jina la Papenburg linatajwa kama watu wengine wanavyotaja Kasulu au Uvinza. Ni mji wa Ujerumani ilikojengwa meli ya Liemba mwaka 1913, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi hapa. Baba alifanya kazi chumba cha mitambo cha Liemba tangu enzi za mvuke, kabla hawajaweka injini za dizeli mwishoni mwa miaka ya 1970, akastaafu na sikio moja tu linalosikia. Hajawahi kumwagiza kitu mtu anayesafiri. Safari hii aliagiza.

"Kanipigie picha ya maji yake ya kwanza."

Habari za viza sitazieleza sana. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri, ada iliyokuwa euro 80 wakati huo, na kwenda Dar, ambako kwa treni yetu ya zamani ni kilomita 1,250 hivi. Ofisi moja ilinirudisha kwa sababu picha yangu ilikuwa na kivuli sikioni. Basi. Mwanzoni mwa Julai 2023 nikafika Utrecht na begi lenye kilo tatu za dagaa na chupa mbili za mawese. Dagaa walifika salama. Mawese yalifika pia, ila chupa moja ililegea kizibo huko angani, na gauni langu jeupe la kutembelea mijini likageuka rangi ya machweo ya Bangwe. Mdogo wangu hakunipa pole. Alilikamulia gauni kwenye sufuria.

Amsterdam ni nusu saa kwa treni kutoka Utrecht. Siku ya kwanza nilifanya kosa la kila mgeni, nikapanda boti kubwa la kioo, lile lenye viti kama vya basi na sauti ya kwenye spika inayoeleza mji kwa lugha kumi na ushee, Kiswahili hakimo. Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi za watu. Niliona madirisha ya chini ya nyumba, matairi ya baiskeli, na simu za abiria wa mbele. Saa moja ikaisha. Siku ya pili mdogo wangu akanipeleka kwenye boti dogo la wazi, watu kumi, nahodha kijana mwenye kofia ya majani, na hapo ndipo niliuona mji.

Kwanza, unaketi chini. Maji yapo usawa wa kiwiko. Mji wote unakuwa juu yako, na madaraja yanakuja usoni hadi unainama hata kama huna haja. Nahodha alizima injini, ya umeme na yenyewe haina kelele, tukaelea kwenye Herengracht. Mdogo wangu alinitafsiria majina: Herengracht, mfereji wa mabwana. Keizersgracht, mfereji wa kaizari. Prinsengracht, mfereji wa mwana wa mfalme. Imechimbwa karne ya 17, inauzunguka mji wa kale kama nusu pete, mmoja ndani ya mwingine, na tangu 2010 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nikauliza, wa makabwela uko wapi? Nahodha akacheka. Makabwela walikaa Jordaan, akasema, nao walikuwa na mifereji yao myembamba, mingi imefukiwa zamani ikawa barabara.

Nyumba za pale zimebanana kama watu kwenye daladala, nyembamba, ndefu kwenda juu, na nyingine zimeinamia mbele. Nilidhani zinaanguka. Ukitazama juu kabisa, chini ya paa, kila nyumba imetoa boriti yenye ndoano. Ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama wima, kochi halipiti, kwa hiyo vitu vizito hupandishwa kwa kamba kupitia dirishani, na ukuta ukiinama mbele mzigo haukwaruzi matofali. Tulibahatika kuona kochi la rangi ya kijani likipanda. Vijana wawili chini wanavuta kamba, mwanamke mmoja ghorofa ya tatu ametoa kiwiliwili chote dirishani anatoa amri. Kochi likazunguka taratibu hewani kama kuku kwenye moto. Nilijisikia nyumbani, maana ndivyo Liemba ilivyokuwa ikipakia vijiji visivyo na gati: inatia nanga mbali, mitumbwi inaizunguka, na mzigo unapanda ubavuni kwa kamba huku watu kumi wakitoa amri kumi.

Chini ya nyumba hizo hakuna mwamba. Ni tope. Mji umesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa hadi zikakuta mchanga mgumu. Jumba la kifalme pale kwenye uwanja wa Dam peke yake lina nguzo 13,659, na watoto wa shule wana njia ya kuikumbuka namba hiyo: chukua siku za mwaka, 365, tanguliza 1, malizia na 9. (Nimeshaiiba, naitumia darasani.) Mbao hizo hazijaoza kwa sababu zimezama moja kwa moja. Kinachoozesha mti ni hewa. Maji yakishuka, vichwa vya nguzo vikapata hewa, kuvu wanaanza kazi, nyumba inakaa upande. Kwa hiyo kuna watu ambao ajira yao ni kuhakikisha maji ya Amsterdam hayapandi wala hayashuki, kwa malango na pampu, mchana na usiku.

Hapo nilinyamaza kidogo kwenye boti. Ziwa letu halina wa kulipangia. Pale Ujiji, Stanley alipomkuta Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871, ziwa lilikuwa karibu. Leo ukitoka pale kwenye makumbusho kwenda majini unatembea, unapita mashamba na nyumba za watu. Halafu miaka ya 2020 na 2021 likapanda bila kubisha hodi, likaingia sebuleni kwa watu wa ufukweni. Sisi tunahama, maji yanabaki. Wao wameyafunga maji kamba, wakabaki wao.

Na ile sauti ya kwenye boti la kioo ilisema nyumba za Herengracht zilijengwa na "wafanyabiashara wa viungo". Nahodha wetu aliongeza bila kuulizwa kwamba palikuwa na sukari pia, na kahawa, na watu waliouzwa. Siku chache kabla sijafika, tarehe 1 Julai 2023, mfalme Willem-Alexander alikuwa amesimama kwenye bustani ya Oosterpark hapo hapo Amsterdam, akaomba radhi kwa utumwa. Mimi ni mtu wa Ujiji. Miembe yetu inafuata njia ya misafara iliyokwenda Tabora mpaka Bagamoyo. Tajiri wa huku hakuwa tajiri wa kule, najua, lakini nyumba nzuri iliyojengwa kwa hela za namna hiyo huwa naitazama mara mbili, mara ya kwanza madirisha, mara ya pili mlango wa chini.

Karibu na daraja moja tulisimamishwa na tishari lenye mkono wa chuma, kama ule wa kijiko cha kuchimbia barabara lakini una vidole. Mkono ukazama, ukatafuta tafuta, ukatoka na baiskeli tatu zimeng'ang'aniana, zinachuruzika tope na magugu. Ukazitupa juu ya rundo. Ukazama tena. Kwa mwaka huopolewa baiskeli kati ya 12,000 na 15,000. Wenyeji wana msemo kwamba mfereji ni mita moja ya tope, mita moja ya baiskeli na mita moja ya maji. Nilimfikiria mjomba wangu wa Kasulu na Phoenix yake, iliyobeba ndizi, madumu ya mawese na wajawazito wawili wa kijiji kwenda zahanati, na ambayo hulala nayo chumba kimoja. Picha ya lile rundo sikumtumia. Kuna mambo hayafai kuonyeshwa mzee wa watu.

Nikamwambia mdogo wangu, mama alikuwa sahihi, hii ni mitaro. Akasema, dada, hujakosea hata kidogo, kwa karne kadhaa hii ndiyo ilikuwa choo cha mji.

Lakini kitu kilichonibakia zaidi Amsterdam hakikuwa cha kulipia. Nyuma ya stesheni kuu kuna vivuko vinavyovusha watu kwenda ng'ambo ya maji ya IJ, upande wa Noord. Ni vya bure. Niliuliza mara mbili tiketi zinakatwa wapi, kijana mwenye baiskeli akanitazama kama niliyeuliza lango la mvua. Nikavuka. Ni dakika chache tu. Nikarudi. Nikavuka tena. Mdogo wangu alikwenda kununua viazi vya kukaanga akanikuta narudi mara ya tatu, akauliza, "Dada, umesahau kitu ng'ambo?"

Sikuwa nimesahau kitu. Nilikuwa nimegundua kwamba nafanya jambo ambalo miaka yangu yote Kigoma sijalifanya: nipo majini na sina shughuli.

Fikiria. Kibirizi boti zinaondoka kila siku kwenda vijiji vya kaskazini, zinapita Gombe, zinafika Mwamgongo. Zimejaa. Lakini kila aliyemo ana sababu. Ana magunia ya dagaa, ana mafuta ya taa, anakwenda mnadani, anapeleka mahari, anafuata maiti. Mtu akikaa ndani ya boti ama ana mzigo ama ana msiba. Wavuvi wetu hutoka usiku na taa zao, na ukisimama mlimani unaona ziwa limewaka kama mji wa pili, na sisi tunalisifia kutoka ufukweni. Watalii wanalipia kwenda kuona sokwe. Sisi wenyeji kupanda boti ili tu kupanda boti, hata neno lake sina. Kuzurura ni kwa miguu. Kutalii ni kwa wageni. Nadhani ni woga kidogo, kwa kuwa ziwa likichafuka halina mchezo na karibu kila ukoo una jina la mtu aliyebaki huko. Na ni pesa pia, tusidanganyane. Lakini kivuko cha IJ ni cha bure na kilikuwa na watu wazima wawili, bibi na babu, wamekaa kwenye benchi la chuma, nao niliwaona mara ya kwanza na mara ya tatu.

Utrecht ndiko nilikolala na ndiko nilikopapenda. Mfereji wake mkubwa, Oudegracht, una ghorofa mbili. Juu ni barabara na maduka. Chini, usawa wa maji, kuna gati jembamba refu, na kutoka kwenye gati hilo milango inaingia chini ya barabara, ndani ya maghala ya matofali yaliyojengwa tangu zama za kati. Boti ilikuwa inafika, mzigo unatolewa, unaingia moja kwa moja ghalani bila kupanda ngazi hata moja. Yeyote aliyewahi kumtazama mchukuzi akipanda mchanga wa Kibirizi na gunia la kilo mia kichwani atajua kwa nini nilisimama pale muda mrefu. Leo maghala mengi ni mikahawa. Tulikaa kwenye meza mita moja kutoka majini, hakuna uzio, hakuna kibao cha kuonya, na mbwa wa mtu amelala pembeni kabisa miguu ikining'inia.

Mdogo wangu akanipeleka pia kuona mahali ambapo mwanzoni sikuelewa kwa nini. Mfereji mpana tu, Catharijnesingel, maji, nyasi, vijana na mitumbwi ya kukodi. Kumbe miaka ya 1970 mji ulikuwa umeondoa maji hapo ukaweka barabara kuu ya magari, njia kadhaa, kisasa kabisa. Baadaye wakaona wamekosea. Wakaivunja barabara, wakachimba, na Septemba 2020 wakarudisha maji. Nimeishi kwenye nchi ambayo barabara ya lami ndiyo habari njema ya mwisho. Sijasema lami ni mbaya, njia ya kwenda kwetu tuliisubiri vya kutosha. Ila kumwona mtu akilipa kuondoa lami ili apate mfereji, hilo lilinichukua siku mbili kulimeza.

Papenburg tulikwenda wiki ya pili, na haikuwa rahisi kama ramani inavyosema. Reli ya kutoka Groningen kuvuka mpaka kwenda Leer ilikatika Desemba 2015, meli ya mizigo ilipoligonga daraja la mto Ems. Miaka ilikuwa imekwenda, daraja jipya bado, kwa hiyo tulishushwa kwenye treni tukapanda basi. Nilifarijika sana. Mtu wa reli ya kati akisikia "abiria wote shukeni, kuna basi" anajua la kufanya, anashika begi lake na anawahi kiti cha dirishani.

Nilitarajia mji wa chuma na moshi. Nikakuta mfereji ulionyooka kama rula, nyumba za matofali mekundu pande zote mbili, maua, madaraja madogo ya kunyanyuka, na kimya cha saa sita mchana ambacho hata Ujiji siku ya Ijumaa watu wakiwa msikitini hakifikii. Mbele ya ukumbi wa mji imefungwa meli ya matanga ya muundo wa zamani, si ya kazi, ni ya kumbukumbu. Maji ni meusi. Si machafu, ni meusi kama chai ya rangi iliyokaa.

Weusi huo ndio historia yote ya mji. Hapa palikuwa kinamasi kitupu. Kuanzia mwaka 1631 walowezi maskini walipewa vipande vya kinamasi, wakachimba mifereji ili maji yatoke, na udongo mweusi wa chini, ambao ukikaushwa unawaka kama kuni, wakaukata matofali matofali wakaupakia kwenye mashua kwenda kuuza. Mfereji ulikuwa shamba, barabara na mlango wa kutokea kwa wakati mmoja. Walikuwa na msemo: wa kwanza kifo, wa pili dhiki, wa tatu mkate. Yaani babu anakufa kwa kuchimba, baba anaishi kwa taabu, mjukuu ndiye anakula. Mashua za kubebea udongo zilihitaji mafundi, mafundi wakajenga kubwa zaidi, na mwaka 1795 ukaanzishwa ule uwanja wa meli wa Meyer ulioijenga Liemba. Leo uwanja huo umehamia nje ya mji. Una banda lenye urefu wa zaidi ya mita 500, na ndani yake zinajengwa meli za starehe kubwa kiasi kwamba zikimalizika, mto Ems hujazwa maji kwa kufunga lango, halafu meli inashushwa kuelekea baharini kinyumenyume, taratibu, watu wamejaa kingoni wanapiga picha. Mitaro, mama. Yote ilianzia kwenye mitaro.

Uwanja wa zamani ulikuwa mjini, na majengo yake ya matofali yapo, sasa ni hoteli na ukumbi wa maonyesho. Nilisimama pale na simu ya baba, maana alinipa simu yake mwenyewe, hataki picha ipite kwenye simu ya mtu mwingine. Mfereji ulikuwa mwembamba kwa meli kubwa, kwa hiyo enzi zile meli zilisukumwa majini kwa ubavu, si kwa mkia, zikaanguka zikarusha wimbi hadi kwenye bustani za majirani. Nikamwuliza mama mmoja wa makamo aliyekuwa akituongoza, Kiingereza changu na chake vikisaidiana: Götzen nayo iliangukia upande gani?

Akatikisa kichwa. Haikuangukia upande wowote. Waliisimamisha nchi kavu, wakaikaza kwa boliti ili waone kama kila bamba linakaa, wakaifungua wakaifunga kwenye makasha. Mafundi watatu wa mji huu wakaongozana nayo hadi Kigoma kwenda kuipiga ribiti, mkuu wao Anton Rüter. Hapa haikuwahi kuonja maji.

Nikapiga picha ya mfereji mweusi hata hivyo. Nikapiga nyingine ya mikono yangu.

Niliporudi Kigoma mwezi Agosti, mama alipokea jozi ya viatu vya mbao kwa ukimya wa heshima. Sasa vinazuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Baba nilimwambia tu, Jumamosi jiandae, tunakwenda Kibirizi. Akauliza kuna nini Kibirizi. Nikasema hakuna kitu.

Nahodha niliyemkuta alikuwa kijana, mwembamba, boti lake la bluu lenye injini ya kupachika. Akaamkia, "Shikamoo mzee," baba akaitikia, na ikaja shida.

"Mnashukia wapi?"

"Hatushuki."

"Mnakwenda Mwamgongo mnarudi?"

"Hatuendi Mwamgongo. Tunataka tuzunguke hapa kwenye ghuba, tutazame mji, uturudishe hapa hapa."

Akamtazama utingo wake. Utingo akainua mabega. "Sasa dada," akasema, kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa, "hiyo nauli yake mimi nitaipataje? Nina bei ya kufika. Bei ya kutofika sina."

Tulipatana kwa mafuta: lita kumi na tano, na chochote juu. Utingo akamvalisha baba boya, akamfunga kamba kifuani kama mtoto. Tukatoka. Hatujafika mbali baba akaelekeza lile sikio lake zima kwenye injini.

"Plagi yako moja haichomi."

"Inachoma mzee."

"Haichomi."

Kijana akazima, akafungua, akatoa plagi, imejaa masizi meusi. Akaisugua kwa msasa bila kusema neno, akarudisha, injini ikalia nyingine kabisa. Baada ya hapo alikuwa anasema "mzee wangu".

Kigoma ukiitazama kutoka majini ni mji mwingine. Stesheni ya Wajerumani ndiyo inayoonekana kwanza, nyeupe, imekaa kama inasubiri kuulizwa. Mji wenyewe unapanda kilima, mabati yanameta, na mtaro wa Mwanga, nilimwonyesha baba kwa kidole, unaonekana kama kovu jekundu. Upande wa magharibi milima ya Kongo ilikuwa imeanza kuingia gizani. Tukalipita gati la bandari kwa mbali, maana kusogea hairuhusiwi, na Liemba ilikuwa pale imefungwa kamba, kutu ubavuni, miaka kadhaa haijasafiri, ikisubiri matengenezo.

Baba akasimama. Utingo akamshika boya kwa nyuma.

"Ni ndefu," akasema.

Nilidhani anatania. Miaka yote ile, na Liemba ina mita sabini na moja, namba aliyotufundisha kabla hatujajua kusoma.

"Mimi nilikuwa tumboni," akasema. "Nikipanda nipo gatini, naona ukuta. Nikishuka nimechoka, sigeuki. Hivi, ubavu mzima, sijui kama nimewahi."

Nikatoa simu yake, nikamwonyesha ule mfereji mweusi, nikamweleza alichosema yule mama wa Papenburg. Kwamba waliijenga kavu, wakaibomoa kavu. Kwamba Wajerumani wenyewe walipoizamisha Julai 1916 wasiichukue maadui zao, waliipaka grisi kwanza mitambo yote, na hilo baba alilijua, aliwahi kuikuta grisi nyingine kwenye pembe zisizofikika. Lakini lile la kwanza hakulijua. Siku zote aliamini waliijaribu kwanza huko kwao.

"Kwa hiyo maji ya kwanza…"

"Ni haya. Mwaka 1915."

Akairudisha simu mfukoni bila kuitazama tena. Boti lilikuwa limeshaanza kugeuza pua kuelekea Kibirizi, kijana akifuata mapatano.

"Zunguka tena," baba akamwambia.

"Mafuta, mzee wangu."

Nikafungua pochi.